Sifuri si Ukimya: Niliyojifunza Nikifuatilia Magonjwa kwa Simu na Ramani

Katika ramani za magonjwa, rangi inayonitia hofu kuliko zote si nyekundu. Nyekundu ina maana mtu ameugua, mhudumu amemwona, akamwandika, taarifa ikafika, na sasa kuna la kufanya. Inayonitia hofu ni nyeupe, ile sehemu ambayo mfumo hauna cha kuonyesha. Nimefanya kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa tangu enzi za ripoti za karatasi hadi leo ambapo kituo kidogo kabisa kinaweza kutuma takwimu zake kwa simu, na katika yote niliyojifunza hakuna lililonikaa kichwani kama hili. Mahali pasipo na taarifa hufanana sana na mahali pasipo na ugonjwa. Teknolojia inaweza kututofautishia viwili hivyo, na inaweza pia kuvichanganya kwa rangi za kupendeza tukalala usingizi.

Nianze na ripoti ya sifuri, kwa sababu nje ya kada yetu wachache wanaijua. Mwaka 1998 nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa katika utaratibu mmoja. Kwa utaratibu huo, magonjwa kama kipindupindu na ebola huripotiwa mara moja, hata akiwa mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa. Mengine hujumlishwa kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Kituo ambacho hakikuona mgonjwa hata mmoja wa surua wiki nzima hakiruhusiwi kunyamaza. Kinaandika 0 na kutuma. Ile sifuri ni kauli ya mtu: nimeangalia, nimetafuta, sikumwona. Kisanduku kilichoachwa wazi hakisemi lolote. Huenda ugonjwa haupo, huenda mhudumu yuko likizo, huenda kituo kizima kimezidiwa na wagonjwa na hakuna wa kushika simu.

Sitaki nidhaniwe naililia karatasi. Fomu za karatasi zilikuwa zinasafiri ndani ya bahasha na gari lolote linaloelekea wilayani. Zikifika, nyingine zimelowa, nyingine hazina jina la kituo. Tulijumlisha kwa kikokotoo, na mara nyingi tulipomaliza kuchora mchoro wa mlipuko, mlipuko wenyewe ulikuwa umeshapoa. Simu ilibadilisha hali hiyo kabisa. Mhudumu anabonyeza namba fupi, hahitaji hata intaneti, anajibu maswali machache, na dakika hiyo hiyo takwimu zinaonekana wilayani, mkoani na wizarani. Programu kama DHIS2, ambayo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inatumika katika nchi nyingi, inazipokea namba hizo, inazichora na inatuma tahadhari zikivuka kizingiti. Kwa mtu aliyewahi kusubiri bahasha, huo ni ukombozi, na nausema kwa moyo wote.

Ila dashibodi ya kwanza tuliyopewa, yaani ukurasa wa kompyuta unaoonyesha takwimu kwa michoro na ramani, ilikuwa na tatizo ambalo lilichukua muda kuonekana. Kituo kilichotuma sifuri na kituo ambacho hakikutuma kitu vilipakwa rangi moja. Katika vikao tulikuwa tunaona eneo jeupe pana, na viongozi wanashukuru kwamba upande ule hauna shida. Nilikuwa nimezoea karatasi, na kwenye karatasi fomu isiyofika inaacha pengo kwenye faili, pengo unaloliona kwa macho. Hapa pengo lilikuwa limepakwa rangi ya amani. Nikaanza kupiga simu.

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa msimamizi wa kituo ambacho kilikuwa cheupe kwa wiki nyingi, alinipa majibu ambayo nayakumbuka mpaka leo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sioni ripoti zenu kwenye mfumo. Kuna tatizo?"

"Laini ya kutumia ilikuwa kwa yule kijana wetu. Kahamishwa, kaondoka nayo."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wapo, kwani ugonjwa nao umehamishwa? Wa kuhara tu wiki hii nimevuka ukurasa wa pili."

"Mbona hamkupiga simu, mama?"

"Tukipiga tunaambiwa ingizeni kwenye mfumo. Halafu nikwambie ukweli, tangu tuanze kutuma hizo namba, hajatokea mtu akatuambia zimefanya kazi gani."

Tulifungua daftari lake kwa simu, yeye akisoma mstari mmoja mmoja, mimi nikiandika: umri, anakotoka, siku alipoanza kuharisha. Hatukufika mbali kabla hajaanza kurudia jina la mtaa mmoja. Majibu ya maabara yaliporudi, hayakuwa ya kipindupindu. Ilikuwa kuhara damu. Lakini wagonjwa walikuwa wengi, walikuwa wanatumia chanzo kimoja cha maji, na kwenye ramani yetu nzuri eneo lile lilikuwa jeupe muda wote huo.

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza sababu za vituo kunyamaza, na mara nyingi huwa si uvivu. Nenosiri limepotea na anayeweza kulirudisha yuko mbali. Mhudumu ni mmoja, anazalisha, anachanja, anatoa dawa, na fomu ya simu ina maswali mengi kuliko dakika alizonazo. Zaidi ya yote kuna hilo alilosema mama yule, kwamba namba zinapanda juu na hakuna kinachoshuka. Mtu hawezi kuendelea kuongea mwaka mzima na asiyemjibu. Tulipoanza kutuma ujumbe mfupi kila wiki kwa kila kituo, ukieleza vituo jirani vimeona nini na sampuli zao zimefikia wapi, ripoti ziliongezeka bila kununua kifaa chochote. Katika maboresho yote niliyowahi kushiriki, hilo ndilo lililokuwa rahisi zaidi na ndilo lililozaa zaidi.

Kuna watu wa fani yangu waliolitatua tatizo la ukimya kwa namna ambayo hainichoshi kuisimulia, nao ni wa polio. Hawasubiri polio. Wanatafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla, iwe sababu ni polio au si polio, na kuchukua sampuli mbili za choo kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu apooze. Kupooza ghafla kuna sababu nyingine nyingi, kwa hiyo hata nchi isiyo na polio kabisa inatarajiwa kuwapata watoto wa namna hiyo, angalau 1 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Eneo likileta idadi ndogo kuliko hiyo, halipongezwi kwa afya njema. Linatembelewa na kuulizwa: mnawaona watoto wenu? Yaani mfumo unapimwa kwa wasio na ugonjwa unaotafutwa. Nikikaa kwenye kikao cha kubuni dashibodi mpya, hilo ndilo ninalolitaja kwanza. Tunahitaji kitu tunachotarajia kukiona kila mahali, ili kikikosekana tujue kwamba jicho limefumba.

Na hata wao walipatwa. Septemba 2015 Nigeria iliondolewa kwenye orodha ya nchi zenye maambukizi ya kudumu ya polio ya asili, ile isiyotokana na kirusi cha chanjo. Agosti 2016 watoto waliopooza kwa kirusi hicho wakapatikana katika jimbo la Borno, ambako vita vilikuwa vimewazuia wahudumu kuingia maeneo mengi. Vinasaba vya kirusi vilionyesha kwamba ndugu yake wa karibu aliyewahi kunaswa alikuwa wa mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo kirusi kilikuwa kinapita kutoka mtoto hadi mtoto mahali ambapo ramani haikuwa na alama. Kilichonifurahisha ni namna teknolojia ilivyotumika baadaye: wataalamu walichukua picha za setilaiti wakatafuta ni makazi gani kwenye maeneo yasiyofikika bado yana watu na yapi yamehamwa, ili wajue watoto wangapi hawajaonwa na mtu. Walikuwa wanahesabu weupe wenyewe. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili, na sidhani kama siku hiyo ingefika kama wangeendelea kuhesabu wagonjwa peke yao.

Wanaofundisha kazi hii hupenda kuanza na daktari John Snow na kipindupindu cha London mwaka 1854, pampu ya maji ya Broad Street aliyoishuku kueneza ugonjwa, na mpini wake ulioondolewa tarehe 8 Septemba. Kwa miaka mingi nilimsikia akisifiwa kwa alama za vifo alizoziweka kwenye ramani, zikaizunguka pampu. Niliposoma kwa utulivu, nilivutiwa zaidi na alivyozifuata sehemu tupu. Karibu na pampu kulikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu zaidi ya 500, na kipindupindu kiliwaua 5 tu. Kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na humo hakufa mtu. Snow alikwenda kuuliza. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake, na wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wanakunywa bia waliyopewa kazini, maji ya pampu hawayagusi. Kisha kulikuwa na mjane aliyekufa Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule. Akagundulika kwamba alikuwa analetewa maji ya pampu ile kwa sababu aliipenda ladha yake. Alama zilizorundikana zilimpa dhana. Sehemu zilizokosa alama pale zilipotarajiwa, na alama moja pale isipotarajiwa, ndizo zilizoitia nguvu. Na yote hayo aliyapata kwa kwenda kugonga milango.

Sisi nasi ilibidi tujifunze kuuliza alama zetu zimetoka wapi. Ramani ya kwanza tuliyotengeneza kutoka kwenye simu za wahudumu wa jamii ilionyesha wagonjwa karibu wote wamerundikana mahali pamoja. Tulipoikuza picha ya setilaiti, nukta zote zilikuwa juu ya paa la kituo cha afya. Wahudumu walikuwa wanakwenda majumbani kweli, wanaandika kwenye daftari, kwa sababu mtu anayekueleza kifo cha mtoto wake huwezi kumkodolea simu, halafu jioni wanarudi kituoni penye umeme na mtandao na kujaza fomu. Simu ikarekodi mahali ilipo yenyewe. Mgonjwa alikuwa kilomita kadhaa kutoka hapo. Tukaongeza kwenye fomu jina la mtaa, la kuchagua kwenye orodha badala ya kuandika, maana mtaa mmoja ulikuwa unaandikwa kwa tahajia za kila aina na kompyuta inauhesabu kama mitaa tofauti.

Tarehe nazo zina mambo yake. Kila Jumatatu grafu yetu ilikuwa inapanda, na mgeni angedhani ugonjwa unapenda siku hiyo. Ni wagonjwa wa mwishoni mwa wiki walioingizwa kwa pamoja. Ukitaka kujua mlipuko unakua au unapungua, chora kwa siku mgonjwa alipoanza kuugua. Tarehe ya kuingizwa kwenye mfumo inakueleza zaidi ratiba ya mwenye simu.

Na hata taarifa iliyofika inaweza kunyamazishwa ndani ya mitambo. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walioonekana kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa wakati, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani ambalo lina ukomo wa safu mlalo. Zilizozidi zilikatwa. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini wafuatiliaji hawakupata majina kwa wakati ili kuwatafuta waliotangamana nao. Nchi tajiri, maabara za kisasa, na pengo likaonekana kama utulivu. Kwa hiyo huwa nafuata mgonjwa mmoja kutoka daftarini hadi skrini ya juu kabisa, kila baada ya muda, kuona kama anafika.

Kuna aina nyingine ya ukimya ambayo inaniuma zaidi, kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaoizalisha. Niliwahi kuona ofisi moja ikisambaza ramani ya mlipuko ambayo nukta zake zilikuwa sahihi mno. Ukiikuza, nyumba inaonekana, mti uliopo uani unaonekana. Majina hayakuwepo, lakini majirani hawakuhitaji majina. Familia moja ilianza kukimbiwa kisimani. Baada ya hapo watu wa mtaa ule walipougua walijificha, wengine walikwenda kutibiwa mbali na kutaja anwani za uongo, na eneo ambalo lilikuwa na ugonjwa likaanza kupauka kwenye ramani yetu. Singapore ilikutana na jambo la ukoo huo huo kwa kiwango cha taifa: programu ya TraceTogether ilitolewa Machi 2020 wananchi wakihakikishiwa kwamba ni ya kufuatilia maambukizi tu, kisha Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuchukua takwimu zake kwa upelelezi wa jinai. Mwezi uliofuata ilibidi itungwe sheria ya kubana matumizi hayo. Imani ya watu ni sehemu ya mtambo. Ikivunjika, hata simu bora zaidi hukusanya utupu. Ramani ninazotoa nje ya ofisi sasa zinaishia kwenye ngazi ya kata, na anayetaka nukta za nyumba anieleze kwa maandishi atazifanyia nini.

Wapo wanaoamini kwamba tutaruka hatua hizi zote, kompyuta itasoma mtandao na kutuambia ugonjwa ulipo. Sehemu ya hilo ni kweli. ProMED, mtandao wa tahadhari ulioanza mwaka 1994, ulisambaza habari za nimonia isiyojulikana ya Wuhan tarehe 30 Desemba 2019, kutokana na taarifa zilizokuwa zinazunguka mitandaoni huko China, na nyuma yake walikuwepo binadamu waliozisoma na kuzipima. Lakini nakumbuka pia Google Flu Trends, iliyoanza mwaka 2008 kukadiria mafua kwa kuangalia watu wanatafuta nini kwenye intaneti. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yake yalikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango halisi, na mwaka 2015 ilisimamishwa. Kinachotafutwa mtandaoni hubeba hofu na vichwa vya habari pamoja na homa. Na asiye na simu janja hatafuti chochote, kwa hiyo kwa mashine ya namna hiyo yeye ni mweupe daima.

Siku hizi tuna kipimo kinachoitwa 7-1-7, kilichopendekezwa mwaka 2021: kugundua mlipuko ndani ya siku 7, kutoa taarifa ndani ya siku 1, kukamilisha hatua za mwanzo ndani ya siku 7. Nakipenda kwa sababu kinaonyesha wazi teknolojia inasaidia wapi. Ile 1 ya katikati tumeipata karibu yote, shukrani kwa simu. Zile siku 7 za mwanzo bado ziko mikononi mwa mama anayeamua kama kituo kinafaa kwendewa, na mhudumu anayetilia shaka homa isiyo ya kawaida.

Kati ya zana mpya, inayonipa matumaini zaidi kuhusu ukimya ni upimaji wa maji taka. Haumsubiri mtu augue, aende kituoni, aandikwe. Mwaka 2022 kirusi cha polio kilipatikana mara kadhaa kwenye maji taka ya London bila hata mtoto mmoja wa huko kupooza, na watoto wakapewa dozi za ziada za chanjo. Ramani ya wagonjwa ingeonyesha utulivu mtupu. Sampuli za vinasaba kutoka kwenye maji hayo zinaweza hata kuonyesha kirusi kina undugu na cha nchi gani.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inafanya kazi vizuri zaidi pale penye mabomba ya maji taka yanayokusanyika mahali pamoja. Penye vyoo vya shimo unaweza kuchukua sampuli kwenye mifereji na vijito, lakini ni vigumu kusema inawakilisha kaya zipi. Na maeneo hayo kwa kiasi kikubwa ndiyo yale yale yenye mtandao hafifu, wahudumu wachache na ripoti zinazokosekana. Huko bado hakuna mbadala wa mhudumu wa jamii mwenye simu inayowaka. Ninapoletewa bajeti ya mfumo mpya, natafuta kwanza mistari miwili: chaji ya sola kwa simu za wahudumu, na salio la kuwapigia vituo vilivyonyamaza. Nikiikosa, nairudisha, hata kama dashibodi iliyochorwa ukurasa wa mbele inavutia namna gani.